Ulipasuliwa moyo utotoni? Pimisha na mapafu

Kama ulizibwa tundu la moyo au kurekebishwa tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo za kuzaliwa nazo) ukiwa mtoto, na leo ukiwa mtu mzima unahema kwa kupanda ngazi tu, usiulaumu moyo peke yake. Wengi waliopasuliwa kifua utotoni wana mapafu yenye ujazo mdogo kuliko ya wenzao. Kifua chenye kovu hakitanuki vizuri, uti wa mgongo wakati mwingine hupinda, na mara chache mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa kupumulia, ule ulio chini ya mapafu, huumia wakati wa upasuaji. Kwa hiyo ukienda kliniki ya moyo, mbali na eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti), ulizia kipimo cha kupuliza, yaani spirometria. Ni cha muda mfupi na hakiumi.

Mazoezi je? Wengi walikua wakiambiwa "wewe kaa, usikimbie", na wazazi hatuwalaumu, waliogopa. Lakini misuli isiyotumika huongeza kuhema. Daktari akikuruhusu, anza kutembea haraka dakika 10, panda taratibu hadi 30, siku nyingi za wiki. Kasi sahihi ni ile unayoweza kuongea sentensi nzima ila kuimba kunakushinda. Vyuma vizito vya kubana pumzi, achana navyo mpaka uulize. Ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au moyo kudunda ovyo, simama hapo hapo, na usirudie kabla hujamwona daktari. Ukizimia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.