Somo: Kidirisha cha kwanza na ikoni ya kuwashia kwenye Macintosh za zamani

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Kidirisha changu hakitokei," au "Nimeweka ikoni, mashine inaleta bomu ikiwaka." Nimejibu vya kutosha, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Ikoni ya kuwashia ni ile inayotokea chini ya skrini mashine inapowaka; bomu ni kidirisha cha kosa kinachosimamisha mashine. Natumia Mini vMac, inayoigiza Macintosh Plus: skrini ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Kompaila ni THINK C. Rasilimali, yaani vidirisha, ikoni na data nyingine za programu, nazitengeneza kwa ResEdit.

KIDIRISHA

1. Faili la rasilimali lipewe jina la mradi, likiishia na .rsrc. Mradi ukiitwa Salamu, faili ni Salamu.rsrc.

2. Tengeneza DITL (orodha ya vipengele vya kidirisha) namba 128. Namba za chini ya hapo ni za mfumo. Kipengele cha 1 kiwe kitufe cha "Sawa", cha 2 "Ghairi". Usivigeuze, maana ModalDialog (mwito unaosubiri mtumiaji abofye kipengele) ikipata Return au Enter huihesabu kama umebofya namba 1.

3. Tengeneza DLOG (kidirisha chenyewe) 128 inayoelekeza kwenye hiyo DITL. Zima chaguo la kuonekana tangu mwanzo. Ukishajaza maandishi ndipo uite ShowWindow.

4. Kwenye kodi, fuata mpangilio huu: InitGraf, InitFonts, InitWindows, InitMenus, TEInit, InitDialogs, InitCursor.

5. Ita GetNewDialog(128, NULL, (WindowPtr)-1L). Ile -1 ndiyo inayokileta mbele ya madirisha mengine. Ikirudi NULL, rasilimali haikuonekana, usiendelee.

6. Rudia kuita ModalDialog mpaka ipatikane 1 au 2, kisha futa kidirisha.

Ule mstari mnene unaozunguka "Sawa" hauji wenyewe. Uchore: PenSize(3,3), tanua mstatili wa kitufe kwa InsetRect ya -4 na -4, kisha FrameRoundRect ya 16 na 16.

IKONI YA KUWASHIA

7. Chora ICN# (rasilimali ya ikoni) ya pikseli 32 kwa 32. Ina nusu mbili: picha na kivuli chake (mask), baiti 128 kila moja. Kivuli kijazwe chote ndani ya umbo, la sivyo rangi ya kijivu ya nyuma itapenya katikati ya mchoro.

8. Kodi yako iwe rasilimali ya INIT (kodi ambayo mfumo huiendesha mashine inapowaka) ndani ya faili la aina INIT, uiweke kwenye System Folder. Washa alama za Locked na System Heap.

9. Hapa soma polepole. INIT si programu kamili. Mfumo unapoiita, hujatayarishiwa eneo la data ambalo programu za kawaida hulifikia kupitia rejista A5. Ukiita InitGraf kama ulivyozoea, QuickDraw (sehemu ya mfumo inayochora kwenye skrini) itaandika juu ya kumbukumbu ya mwingine. Tenga nafasi yako mwenyewe ya data za QuickDraw, hifadhi A5 ya zamani, elekeza A5 kwenye nafasi yako, ita InitGraf na OpenPort, chora, funga kwa ClosePort, kisha RUDISHA A5.

Mimi nilisahau kurudisha. Ikoni yangu ilichorwa vizuri kabisa, kisha bomu likalipuka kwenye INIT iliyofuata yangu. Nilimaliza jioni tatu nikiilaumu ile ya pili, nikiitoa na kuirudisha, na kila nilipoitoa mashine iliwaka salama. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Kwa hiyo bomu likitokea baada ya ikoni yako kuonekana, anza kukagua ya kwako. Na kabla ya kila jaribio nakili faili la diski unayotumia kwenye Mini vMac (disk image), maana INIT mbovu hukuzuia hata kuingia ndani kuifuta.

MASWALI

Swali: Kaka, nimefanya kila kitu lakini kidirisha hakitokei. Msaada wa haraka.

Jibu: Faili lako la rasilimali linaitwaje?

Swali: Madirisha.rsrc. Mradi unaitwa Jaribio.

Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Kompaila inakataa DisposeDialog. Somo lako lina makosa?

Jibu: Somo halikutaja jina hilo, limesema "futa kidirisha". Kwenye faili za vichwa (headers) za zamani linaandikwa DisposDialog, bila e ya katikati. Vivyo hivyo GetDItem, ambayo baadaye ikawa GetDialogItem.

Swali: Samahani mwalimu, kitu kimoja kinanisumbua. INIT hizi zimeandikwa na watu wasiojuana. Ikoni zinajuaje kupangana bila kupandana?

Jibu: Swali zuri sana hili, ahsante. Kwenye anwani $910 kuna baiti 32 za jina la programu inayoendeshwa. Mashine inapowaka hakuna programu bado, kwa hiyo eneo hilo liko huru. Waandishi wa INIT walikubaliana kutumia baiti nne za mwisho: $92C inabeba nafasi ya ikoni ijayo, $92E inabeba namba ya uhakiki. Namba hiyo hupatikana kwa kuzungusha nafasi biti moja kushoto, kisha XOR na $1021. Isipolingana, wewe ndiye wa kwanza: anza pikseli ya 8. Ikilingana, chora pale ilipoandikwa, ongeza 40, andika uhakiki mpya. Ukingo wa juu wa ikoni ni kimo cha skrini kutoa 40, yaani 302 kwenye Plus. Kwa upana wa 512 zinaenea 12.

Swali: Na ya 13?

Jibu: Ipandishe mstari wa juu yake, pikseli 40. Ijaribu mwenyewe, kisha weka kodi yako hapa tuione.

Swali: Mimi siwezi kuchora. Ikoni yangu inafanana na doa.

Jibu: Chukua daftari la hesabu lenye miraba, zungushia 32 kwa 32, ujaze kwa penseli. Susan Kare alianza ikoni za Macintosh ya kwanza hivyohivyo, kwenye karatasi ya miraba.

Swali: ng' ya Kiswahili inakubali kwenye vitufe?

Jibu: Inakubali, ni herufi za kawaida na alama ya juu. Angalia upana tu: "Endelea bila kuhifadhi" haitoshi kwenye kitufe kilichopimwa kwa "OK". Mimi huweka pikseli 80 kwa neno moja, na maneno marefu nayahamishia kwenye maelezo.