Kuripoti maambukizi mapya ya VVU hatua kwa hatua, kuanzia kipimo hadi kumfikia mwenza

Mwongozo huu ni kwa washauri wa upimaji, wauguzi, wataalamu wa maabara na watunza takwimu wa vituo vya afya. Taarifa ya VVU ina kazi mbili: kumhesabu mtu mmoja mara moja tu, na kumfikisha kwenye dawa yeye pamoja na walio hatarini kupitia kwake. Ikivuja, kazi zote mbili huharibika, kwa sababu watu huacha kuja kupima.

Hatua ya 1: Thibitisha majibu kabla ya kushika fomu

Kipimo cha kwanza kikitoa mistari miwili, bado huna mtu wa kuripoti. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu vya aina tofauti, kimoja baada ya kingine, na vyote vitoe majibu chanya. Zamani viwili vilionekana vinatosha pale ambapo maambukizi ni mengi. Lakini kadiri wenye virusi wanavyopungua miongoni mwa wanaopimwa, ndivyo majibu chanya ya uongo yanavyochukua sehemu kubwa zaidi ya majibu chanya yote.

Kipimo cha kwanza kikiwa chanya na cha pili hasi, rudia cha kwanza. Kikigeuka hasi, mteja hana maambukizi. Kikibaki chanya, andika "hayajabainika" na umpangie mteja kurudi baada ya siku 14. Fanya hivyo pia kama viwili vya kwanza ni chanya na cha tatu ni hasi. Majibu yasiyobainika hayaingii kwenye hesabu ya maambukizi mapya.

Makosa mengi hapa huanzia kwenye saa. Kila aina ya kipimo ina dakika zake za kusoma, na zimeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Ukisoma mapema, mstari hafifu unakupita. Ukichelewa, unaweza kujitokeza mstari ambao si wa virusi. Andika kwa kalamu, juu ya kipimo chenyewe, saa uliyodondosha damu na namba ya mteja. Usipime watu watano kwa mpigo ukitegemea kumbukumbu.

Kuna makundi mawili ya kuangalia kwa makini. La kwanza ni watoto walio chini ya miezi 18. Damu yao huweza kuwa na kingamwili (chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi) za mama, kwa hiyo kipimo cha haraka kinamsema mama badala ya mtoto. Mtoto wa mama mwenye VVU apimwe virusi vyenyewe akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6, kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi maalumu. La pili ni watu ambao tayari wanatumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, na wanakuja kupima upya, ama kwa kutaka uhakika ama kwa kutumaini wamepona. Dawa zinaweza kushusha kingamwili hadi kipimo kitoe hasi. Uliza kuhusu dawa kabla ya kuchoma kidole, na uulize kwa upole, maana wengi huficha.

Hatua ya 2: Hakikisha ni maambukizi mapya kwenye rejesta

Mtu anaweza kupimwa vituo vitatu na kuhesabiwa mara tatu. Kabla ya kusajili, tafuta kwa vitu kadhaa kwa pamoja: tarehe ya kuzaliwa, jinsi, mahali alipozaliwa, jina la mama. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa tahajia hubadilika kila anapoandika mtu mwingine. Umri nao hausaidii sana; tarehe ya kuzaliwa haibadiliki, umri hubadilika kila mwaka.

Baadhi ya maeneo hutumia namba za siri badala ya majina. Nia ni njema, lakini namba inayoundwa upya kila kituo huzaa nakala nyingi za mtu mmoja, na anapohama hakuna anayemwona. Ukitumia namba, iwe moja kwa maisha yake yote, na orodha inayounganisha namba na jina ikae mbali na taarifa za matibabu.

Hatua ya 3: Jaza fomu

Tarehe inayoharibiwa zaidi ni ya utambuzi. Hiyo ni siku majibu yalipothibitishwa. Siku uliyojaza fomu ni nyingine, na siku fomu ilipofika ofisi ya juu ni nyingine pia. Ukizichanganya, mlundikano wa fomu zilizokaa mezani miezi miwili utaonekana kama mlipuko.

Ongeza idadi ya kwanza ya seli za CD4 (seli za kinga ya mwili ambazo VVU hushambulia), hatua ya ugonjwa, ujauzito kama upo, na njia inayodhaniwa ya maambukizi. Kwenye njia, andika alichosema mteja bila kuongeza hukumu yako. Asipotaka kusema, andika "haijulikani". CD4 chini ya 200 inaonyesha ugonjwa uliokwisha kukomaa: mtu huyo huenda ameishi na virusi miaka mingi bila kujua, na idadi ya watu kama yeye ndiyo inayokwambia kama upimaji wako unachelewa. Ndiyo maana nafasi ya CD4 isiachwe wazi.

Hatua ya 4: Wasilisha bila kuvujisha

Muda wa kuwasilisha umewekwa na kanuni za mahali ulipo. Uandike na uubandike ndani ya mlango wa kabati, si ukutani mbele ya wateja. Maabara na kituo vikiripoti kila kimoja kwa njia yake, ni vizuri: kimoja kikisahau, kingine kinaziba pengo, mradi utambulisho unafanana.

Kabati liwe na kufuli, na kila mtumiaji wa kompyuta awe na nywila yake. Usipige picha ya rejesta kwa simu, hata kwa ajili ya kumtumia mwenzako wa ofisi moja. Bahasha isiandikwe neno VVU nje. Jedwali la takwimu likionyesha watu chini ya 5 katika eneo dogo, ficha tarakimu hiyo kabla ya kulisambaza, maana majirani huweza kukisia ni nani.

Hatua ya 5: Anzisha dawa

Fomu peke yake haizuii maambukizi hata moja. Kinachozuia ni dawa. Kabla ya kuanza, rudia upimaji kwa sampuli mpya, ikiwezekana na mpimaji mwingine. Hatua hii ndiyo inayokamata sampuli zilizobadilishana na majina yaliyoandikwa kimakosa, na bila hiyo mtu anaweza kumeza dawa miaka mingi bila sababu. Kisha anza ndani ya siku 7, hata siku hiyohiyo kama mteja yuko tayari. Mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo, kama kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, achunguzwe kwanza: kuanza ARV haraka kunaweza kumzidishia hali.

Pima wingi wa virusi mwezi wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Ukizidi nakala 1,000 kwa mililita, mpe ushauri wa kina kuhusu umezaji wa dawa na urudie baada ya miezi 3. Asiyegundulika virusi kwenye damu na anayeendelea na dawa hawaambukizi wenza wake kwa ngono. Mwambie hivyo waziwazi siku ya kwanza, kwa sababu wengi hutoka chumbani wakiamini wamekuwa hatari kwa kila mtu.

Hatua ya 6: Wafikie wenza na watoto

Zipo njia nne. Mteja mwenyewe amweleze mwenza. Mteja apewe muda mnaokubaliana, na akishindwa mtoa huduma achukue nafasi. Mtoa huduma amwite mwenza bila kumtaja mteja. Au waongee wote watatu. Mteja ndiye anayechagua, na ana haki ya kukataa.

Kabla ya chochote, uliza kwa kila mwenza: amewahi kukupiga, kukutishia, kukulazimisha ngono? Jibu likiwa ndiyo, simama na tafuta njia salama zaidi. Kumtafuta mwenza haraka bila swali hili kumewaletea watu kipigo.

Ukimpigia mwenza, usiache ujumbe kwa anayepokea simu. Mkikutana, sema: "Kuna uwezekano umekuwa katika hatari ya VVU, tunakushauri upime." Usitaje jinsi, tarehe wala mahali, kwa kuwa mwenye mwenza mmoja atajua papo hapo. Kwa mwenye mwenza mmoja usiri kamili hauwezekani, na mteja aelezwe hilo kabla hajaamua.

Mwenza asiye na maambukizi aelekezwe kwenye dawa kinga. Kama tukio la hatari halijapita saa 72, aanze mara moja dawa za siku 28. Kipimo hasi kilichofanyika mapema kirudiwe, kwa sababu kingamwili huchukua takriban wiki 3 hadi miezi 3 kuonekana. Kwa mama mwenye VVU, pima watoto wake wote wa kuzaa ambao hali zao hazijulikani, wakiwemo wanaoonekana wazima.

Hatua ya 7: Kagua kila mwezi

Chukua rejesta ya maabara na orodha ya waliosajiliwa, linganisha mstari kwa mstari. Aliyethibitishwa bila kusajiliwa, atafutwe. Aliyesajiliwa bila tarehe ya kuanza dawa, naye atafutwe. Aliyefariki au kuhamia kituo kingine arekodiwe hivyo, asiachwe akihesabiwa kama mtoro.