Kupima upungufu wa yuropiamu (Eu) kwenye graniti

Matokeo ya maabara yakifika, usichore namba ghafi. Katika elementi adimu za ardhi, yaani kundi la Eu na jirani zake, zenye namba shufwa ya atomu ni nyingi kuliko jirani zake zenye namba witiri, kwa hiyo mchoro utatoka kama meno ya msumeno. Gawanya kwanza kila elementi kwa kiwango chake katika vimondo vya kondraiti (aina ya vimondo vya mawe). Natumia vya McDonough na Sun (1995), kwa ppm (sehemu kwa milioni): samariamu (Sm) 0.148, Eu 0.0563, gadolini (Gd) 0.199. Usichanganye orodha mbili kwenye mchoro mmoja.

Kosa jingine huanzia kwenye mzani. Unga wa mwamba hunywa unyevu, na Dar unyevu haukosekani. Ukaushe kwa nyuzi 105 usiku kucha, upoe kwenye desiketa (chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu), ndipo upime miligramu 100.

Tuseme kwenye sampuli yako, kwa ppm, Sm ni 5.0, Eu 0.60, Gd 4.2. Ukigawanya unapata 33.8, 10.7 na 21.1. Zidisha Sm kwa Gd, kisha tafuta kipeuo cha pili: 26.7. Hiyo ndiyo Eu iliyotarajiwa. 10.7 ÷ 26.7 = 0.40, yaani Eu imepungua sana. Eu yenye chaji ya +2 huingia kwenye plajioklesi (madini ya jamii ya feldispa) mahali pa kalsiamu; fuwele hizo zikijitenga, magma inayobaki huikosa.

Maswali

*Mwalimu, Yb (iterbiamu) na Lu (lutetiamu) zangu ziko chini mno. Kwa nini?*
Huenda zirkoni, madini magumu yenye zirkonia (Zr), haikuyeyuka, ndiyo inayozibeba. Linganisha Zr ya ICP-MS (mashine inayopima masi za elementi kwenye myeyusho) na ya XRF (inayopima kwa eksirei). Ya ICP-MS ikiwa ndogo, rudia kwa kuyeyusha unga na lithiamu metaborati. Asidi haidrofloriki kwenye chombo wazi haitoshi.

*Sampuli zenye bariamu nyingi zinaonyesha Eu imezidi. Niamini?*
Bado. Oksidi ya bariamu ina masi 151 na 153, sawasawa na isotopu mbili za Eu. Pitisha myeyusho wa bariamu tupu kwenye mashine, uone Eu ya uongo ni kiasi gani, kisha uitoe. Usihukumu kwa bariamu peke yake, maana feldispa nayo hubeba zote mbili.

*Je, Eu itaniambia umri?*
Hapana. Kwa umri tumia Sm-147, inayogeuka kuwa Nd-143 (neodimiamu). Nusu-uhai wake ni miaka bilioni 106. Pima sampuli kadhaa za mwamba uleule zenye uwiano wa Sm/Nd unaotofautiana. Uwiano huo ukilingana, mstari wa kukokotolea umri hautakuwa na mwinamo wa kuaminika.