Sevo ya ndege inatetemeka au imegoma? Pima hivi kabla hujaagiza nyingine

Wadau wa ndege za rimoti hapa Arusha na wenzetu wa Moshi, tuongee kuhusu sevo, ile mota ndogo inayosogeza vibawa vya kuongozea ndege. Naona watu wengi sevo ikianza kutetemeka kidogo tu wanaing'oa wanaagiza nyingine, alafu mzigo unakaa njiani wiki kadhaa, ukija wakafunga wanakuta tatizo liko palepale. Sevo kufa kweli inatokea, ila mara nyingi ugonjwa uko kwenye umeme au kwenye waya unaosukuma kibawa, na hivyo viwili unaweza kuvipima nyumbani bila gharama.

Kabla hujagusa chochote toa propela. Sio kuweka gasi chini, toa propela kabisa, mana ukiwa unachezea waya za risiva (kile kiboksi ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti) mota inaweza kuwaka ghafla na vidole havina spea.

Anza kwa kubadilishana chaneli. Tuseme eleveta, yaani kibawa cha mkia kinachopandisha na kushusha pua, ndio inatetemeka, chomoa sevo yake kwenye risiva uichomeke kwenye chaneli ya usukani wa mkia, na ya usukani uipeleke kwa eleveta. Tetemeko likihama pamoja na sevo basi shida ni sevo yenyewe au waya wake. Likibaki kwenye chaneli ileile angalia risiva na seting za rimoti. Na kama zinatetemeka zote kwa pamoja usifungue sevo hata moja, nenda moja kwa moja kwenye umeme. Ila kama imegoma kabisa angalia kwanza plagi, kahawia au nyeusi ni hasi, nyekundu ya katikati ni chanya, ya chungwa au njano au nyeupe ndio inabeba signali. Kwa vile nyekundu iko katikati, ukichomeka kinyume mara nyingi sevo haiungui, inanyamaza tu, na watu wanaitupa ikiwa nzima.

Sasa umeme, hapa ndio penye mambo. Ndege nyingi ndogo sevo zinakula kupitia BEC (kipunguza volti cha kulisha risiva na sevo) iliyo ndani ya ESC (kidhibiti cha kasi ya mota), na ESC za bei ya chini mara nyingi zina BEC ya laini, yaani ile inayopunguza volti kwa kugeuza zinazozidi kuwa joto. Betri ya seli 3 ikiwa imejaa ina volti 12.6, sevo zinataka 5, kwaiyo kila ampea 1 inayopita pale inageuka joto la wati 7 na ushee. Weka sevo nne, moja iwe imekwama kidogo inavuta muda wote, mchana wa jua la Moshi, BEC inachemka inajikata, na risiva ikikosa umeme hata kwa nukta moja unapoteza ndege. Kupima, chomeka maltimita kwenye chaneli iliyo wazi ya risiva alafu zungusha stiki zote mbili kwa nguvu kwa wakati mmoja. Ikishuka chini ya volti 4.8 hiyo BEC haitoshi. Na ujue maltimita ni nzito, mshuko wa haraka sana haiuoni, so hata ikionyesha poa lakini sevo zinashtuka zote pamoja, mimi bado nashuku umeme. Dawa ya kweli ni BEC ya nje ya aina ya switchi, isiyochemka kama ya laini, ya ampea 3 au 5, na ukishaiweka chomoa ule waya mwekundu wa ESC unaoingia risiva ili BEC mbili zisigombane.

Sevo inayovuma ikiwa imesimama: chomoa waya wa kusukuma kwenye mkono wake. Ikinyamaza, sevo haina kosa, waya unakwaruza mahali, bawaba ni ngumu, au rimoti inaisukuma kupita pale kibawa kinapoweza kufika, punguza mwisho wa mwendo kwenye rimoti. Za digitali kuvuma kidogo ni kawaida yake.

Ikiwa inaruka mahali pamoja tu, zima umeme, zungusha mkono wake kwa vidole taratibu, ukisikia inateleza hapo jino la gia limevunjika. Sevo ndogo aina ya SG90 za gia za plastiki ndio zao baada ya ndege kuanguka. Kwenye eleveta mimi naweka MG90S yenye gia za chuma, ina gramu 13 na kitu badala ya 9, uzito huo naukubali.

Ikitetemeka pale katikati tu alafu pembeni inatulia, hiyo ni ile poteshomita ya ndani inayoiambia sevo imefika wapi, katikati ndio inasugulika zaidi na vumbi letu la kiangazi linamalizia. Ni ugonjwa uleule wa kinobu cha sauti cha redio ya zamani kinachokwaruza, na fundi redio ana dawa ya kupuliza. Kwa sevo kubwa inafaa kujaribu, kwa hizi ndogo badilisha tu.

Ukifunga mpya iwashe kwanza, trimu (vile vya kurekebisha katikati kwenye rimoti) ziwe sifuri, ndio uvalishe mkono ukiwa nyuzi 90 na waya, alafu kaza ile skrubu ya katikati. Na kama umeishika kwa gundi ya kuyeyusha usiache ndege ndani ya gari juani, gundi inalainika sevo inacheza.

Uwanjani, mbali kabisa na viwanja vya ndege vya Kisongo na KIA, mtu aishike ndege vizuri, rudisha propela, mota juu, cheza stiki zote. Waya uliokatika kwa ndani, ukiwa mezani unaonekana mzima, mtikisiko wa mota ndio unauumbua. Sevo ikishtuka hata mara moja usirushe siku hiyo, hasa ikiwa ni ya eleveta, mana eileroni (kibawa cha kwenye bawa kinacholaza ndege upande) ikifa unaweza kugeuza kwa usukani ukatua, ila eleveta ikifa pua huna tena cha kuishikia.