Magari na Watu Wadogo kwenye Reli ya Modeli: Kupima, Kuchagua na Kuweka

Hasara nyingi za anayekusanya vigari vya reli ya modeli hutokana na kununua kwa macho. Kigari kinapendeza kikiwa peke yake dukani, ila kikisimamishwa kando ya behewa, dereva wake anamzidi abiria kichwa kizima. Pima kwanza, jina la kampuni litazamwe baadaye.

Reli ya OO, inayopendwa Uingereza, ina uwiano wa 1:76, yaani kila kitu ni kidogo mara 76 kuliko halisi. HO ya Ulaya bara na Marekani ni 1:87. Zote mbili hutumia njia ya upana wa milimita 16.5, na hapo ndipo wengi hunaswa: treni za aina zote mbili zinapita vizuri juu ya njia ileile, basi mtu hudhani magari nayo yatachanganyika. Hayachanganyiki. Gari la 1:76 ni refu kuliko lile la 1:87 kwa asilimia 14 hivi, na kwa kuwa linazidi pia upana na kimo, ujazo wake ni mkubwa kwa karibu nusu. Kwenye reli ya N yenye njia ya milimita 9, Uingereza hutumia 1:148, Japani 1:150, Ulaya bara na Marekani 1:160. Tofauti hizi ni ndogo, na kwa magari yanayokaa nyuma ya meza zinavumilika.

Usitegemee maandishi ya boksi peke yake. Tafuta umbali halisi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari lenyewe, ugawe kwa uwiano, kisha upime kigari kwa rula ya milimita. Volkswagen Beetle ina milimita 2,400. Kwa 1:76 unatakiwa kupata 31.5 hivi, kwa 1:87 upate 27.6, kwa 1:160 upate 15. Ukipata 37.5, hiyo ni 1:64, haifai hapo. Tumia ekseli badala ya urefu wa gari zima, kwa sababu bampa hubadilika toleo hadi toleo. Ikipungua au kuzidi nusu milimita, si neno. Ikifika milimita mbili, rudisha.

Hot Wheels na Matchbox za kawaida ziache kwa watoto. Kwa sehemu kubwa hupunguzwa ili zitoshe kwenye kifungashio, kwa hiyo basi na gari dogo hutoka na urefu unaokaribiana. Dinky za zamani zina sababu nyingine. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilizianza mwishoni mwa 1933, seti ya magari sita ya kupamba reli zake za kuchezea za Hornby, na mwaka 1934 zikapewa jina la Dinky Toys. Lakini reli za Hornby za wakati ule zilikuwa kubwa, za aina iitwayo O, na magari mengi ya Dinky yanakaribia ukubwa huo. Kwa OO ni majitu. Kwa 1:76 anza na Oxford Diecast, ambayo pia hutoa 1:148. Kwa 1:87 tazama Wiking, Herpa, Brekina na Busch. Hizi ni za plastiki zaidi kuliko chuma, na ubora wake haupungui kwa hilo. Tena, kama gari litapakiwa juu ya behewa la mizigo, plastiki ndiyo bora: chuma huweka uzito juu na behewa huanguka kwenye kona.

Baada ya ukubwa, angalia mwaka. Tuseme stesheni yako ni ya Uingereza, 1962, injini za mvuke bado zinafanya kazi. Ford Transit haina nafasi, ilitoka 1965. Morris Minor, iliyoanza 1948, na Mini ya 1959 zinafaa. Soma pia kibao cha namba: herufi ya mwisho inayoonyesha mwaka ilianza 1963, na vibao vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vya njano nyuma, vililazimishwa kwa magari mapya kuanzia 1973. Kibao cha njano kando ya injini ya mvuke ya 1962 huharibu kazi yote. Wala usijaze magari ya mwaka uleule. Barabarani mengi huwa yameshatumika miaka mitano au kumi.

Anayejenga reli ya Afrika Mashariki ana hesabu ya ziada. Njia yetu ya zamani ni ya mita moja. Njia ya milimita 12 kwa 1:87 inawakilisha milimita 1,044, tofauti ndogo sana. Kwa 1:76 ungehitaji milimita 13.2. Basi 1:87 inarahisisha reli, ila magari yake mengi yana usukani wa kushoto, nasi huendesha kushoto tukiwa na usukani wa kulia. Kwenye Land Rover iliyo wazi kosa hilo linaonekana. Kata usukani kwa kisu chembamba, uubandike upande wa pili. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally 1963 na mfululizo 1966 hadi 1968, inastahili nafasi mbele ya stesheni.

Sasa watu. Mtu wa sentimita 175 ni milimita 23 kwa 1:76, milimita 20 kwa 1:87, milimita 11 kwa 1:160. Unapopima, toa unene wa kitako alichosimamia. Umsimamishe pia kando ya gari: paa la Beetle linapaswa kumfikia kidevuni.

Seti za watu wa kampuni ya Preiser zisizopakwa rangi hupunguza gharama sana. Zioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwani mafuta ya kiwandani hukataa rangi. Kwangua mshono wa kalibu kwa ncha ya kisu, paka rangi ya msingi ya kijivu hafifu, kisha rangi za akriliki zisizong'aa. Malizia kwa kahawia iliyochanganywa na maji mengi ili iingie kwenye mikunjo ya nguo. Ukiruka hatua hii, nyuso na nguo huonekana bapa.

Kata kitako, toboa mguu mmoja kwa keekee ya milimita 0.5, tia waya wa milimita 0.4 na tone la supaglu. Waya huo unaingia kwenye jukwaa, na mtu anaweza kuhamishwa bila kuvunjika. Waweke wawili wawili au watatu wakizungumza. Waliopangwa kwa nafasi sawa wanafanana na gwaride. Aliyeinua mguu kukimbia huonekana ameganda, kwa hiyo chagua waliosimama au kuketi.

Magari nayo yapunguze mng'ao kwa vanishi isiyong'aa, vioo vikiwa vimefunikwa. Piga msasa kidogo chini ya tairi ili ziwe bapa zinapogusa barabara, la sivyo gari huelea. Usitumie supaglu karibu na vioo, mvuke wake huvitia ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Kwenye tambukareli na kona, sukuma kwa mkono behewa lako refu kuliko yote kabla ya kubandika gari, maana katikati yake hutokeza ndani ya kona na ncha zake hutokeza nje.

Yanayosubiri zamu yahifadhi mbali na jua. Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi hutia ekseli kutu, hivyo tumia boksi lenye kifuniko kinachobana na pakiti za silika. Tairi laini zisigusane na plastiki kwa miaka, huiyeyusha. Kigari cha zamani chenye nyufa nyembamba, au kilichovimba na kupinda, kina madini ya risasi yaliyochanganyika na aloi ya zinki. Ugonjwa huo hauambukizi vigari vingine, lakini hauna dawa, kwa hiyo usikinunue hata kwa bei ya kutupa.