Jinsi ya Kuomba Vibali vya Kumvusha Mbwa Namanga kwa Gari Lako

Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwa gari lake mwenyewe, akiwa na mbwa kiti cha nyuma, kisha arudi naye nyumbani bila kumwacha yatima mpakani. Safari yenyewe ni kama kilomita 900 za lami. Kilichonichosha mimi ni makaratasi, ambayo yalinila wiki saba na Krismasi nzima. Hati ya kusafiria, kadi ya gari na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA nilizikamilisha kwa siku mbili, kwa hiyo sitazizungumzia tena, isipokuwa kukukumbusha kwamba bima yako ya kawaida ya hapa nyumbani haivuki mpaka.

Jambo la kuelewa kabla ya mengine yote ni kwamba vibali vya mbwa huanzia nchi unayokwenda, si nchi unayotoka. Mimi nilifanya kinyume. Katikati ya Novemba nilimwendea afisa mifugo wa kata yetu, ambaye alinipokea vizuri, akampapasa mbwa wangu Bobi masikio, akamsifu kwa afya, kisha akanieleza kwa upole kwamba saini yake haifiki Namanga: cheti cha afya cha mnyama anayetoka nje ya nchi husainiwa na daktari wa mifugo wa serikali, na bwana mifugo wa kata, hata kama anamfahamu mbwa wako tangu hajafungua macho, hana mamlaka hayo. Ofisi ya pili ilinielekeza ya tatu. Katika ofisi ya tatu nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kwanza kwa sababu mfumo ulikuwa chini, na baadaye kwa sababu mfumo ulikuwa umerudi lakini mwenye nywila alikuwa amekwenda msibani. Nilipofikiwa hatimaye, niliulizwa swali moja tu: "Mama, kibali cha Kenya kiko wapi?" Sikuwa nacho. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha.

Ukilitafakari, swali lile lina mantiki. Daktari wa serikali anapoandika cheti cha afya, anathibitisha kwamba mnyama ametimiza masharti ya nchi inayompokea, na masharti hayo yameandikwa kwenye kibali cha kuingiza mnyama kinachotolewa na nchi hiyo. Bila kibali mkononi hana cha kuthibitisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni maombi kwa Idara ya Huduma za Mifugo ya Kenya, ambayo makao yake yapo Kabete, Nairobi. Kama una ndugu au rafiki Nairobi anayeweza kufuatilia, mtumie. Kama huna, wakala wa forodha anayeaminika atakusaidia, mradi mkubaliane ada yake kabla hajaanza kazi. Mimi nilimtwisha dada yangu mzigo huo, naye hajaacha kunikumbusha hadi leo.

Katika maombi utaeleza jina lako na namba ya hati ya kusafiria, jina la mbwa, jinsia yake, umri, rangi, jamii yake, namba ya maikrochipu (kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) yenye tarakimu 15 kama anayo, mahali anakotoka, chombo atakachosafiria, na kituo cha mpakani atakachopitia. Kituo hicho kiamue kabla ya kuandika. Ukiandika Namanga, usije ukaamua ukiwa Moshi kwamba Holili ni karibu zaidi, maana vibali hivi hutaja mlango wa kuingilia, na mlango mwingine haukutarajii.

Sasa nifike kwenye hatua iliyonigharimu zaidi, nayo ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Sharti ni kwamba mbwa awe amechanjwa si chini ya siku 30 kabla ya safari na si zaidi ya miezi 12. Wengi tunakumbuka nusu ya pili ya sharti hili, kwa kuwa chanjo ya kila mwaka tumeizoea, na tunaisahau nusu ya kwanza. Siku 30 hazikuwekwa ili kukusumbua: chanjo haimkingi mbwa siku anapochomwa sindano, bali mwili wake huhitaji wiki kadhaa kujenga kinga, na ugonjwa wenyewe, dalili zikishajitokeza, hauna tiba kwa mbwa wala kwa binadamu. Hakuna afisa mwenye akili atakayekusamehe siku tano hapo.

Mimi nilikuwa nimepanga kuondoka tarehe 14 Desemba. Kibali cha Kenya kilinifikia tarehe 1, nikakisoma jioni baada ya chakula, nikaenda kabatini kutoa kadi ya chanjo ya Bobi, nikakuta sindano yake ya mwisho ni ya tarehe 20 Novemba ya mwaka uliotangulia. Muda wake ulikuwa umekwisha siku kumi na moja tu kabla. Kliniki tuliyozoea hutuma ujumbe wa kukumbusha, na ujumbe ulikuja kweli, wiki moja baadaye. Kesho yake asubuhi Bobi alichanjwa upya, nami nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: tarehe 2 Desemba kujumlisha siku 30 ni tarehe 1 Januari. Krismasi tuliila Dar es Salaam, na pilau la dada likaliwa na wengine. Kama ningeanza na kibali cha Kenya mwezi Novemba, badala ya kuzungushwa na benchi za ofisi tatu, ningeliona sharti hili kadi ikiwa bado hai na ningerudia chanjo kwa wakati.

Kwa hiyo hesabu kinyumenyume. Chukua tarehe unayotaka kuvuka mpaka, toa siku 30, kisha toa wiki moja nyingine kwa ajili ya dawa kukosekana kliniki, daktari kusafiri au umeme kukatika. Tarehe unayopata ndiyo siku ya mwisho ya kumchanja mbwa. Mwenye mtoto wa mbwa ajue kwamba chanjo hii kwa kawaida hutolewa afikishapo miezi mitatu, hivyo kabla ya miezi minne safari hii haimhusu. Ukirudia chanjo mapema, kabla ile ya zamani haijaisha, tunza ushahidi wa zote mbili.

Kadi ya chanjo nayo ina mambo yake. Usiikague nyumbani, ikague mbele ya kaunta ya kliniki kabla hujalipa. Inapaswa kuwa na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha dawa, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, tarehe ya kuchanja iliyoandikwa kwa wino na kusomeka, muhuri, na saini ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Angalia pia maelezo ya mbwa mwenyewe, jambo ambalo mimi sikulifanya. Kijana wa kliniki, ama kwa heshima kwangu ama kwa kuvutiwa na masikio ya Bobi yaliyosimama, alikuwa ameandika kwenye nafasi ya jamii kwamba ni German Shepherd. Kwenye maombi ya Kenya mimi nilikuwa nimeandika ukweli, yaani chotara. Daktari wa serikali aliyepewa karatasi zote mbili alizitazama, akaweka miwani, akamtazama Bobi, ambaye ana rangi ya mchanga, miguu mifupi na baka jeupe kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, huyu Mjerumani ni wa mkoa gani?" Alicheka, lakini karatasi hakuzipokea. Nilirudi kliniki, nikaandikiwa kadi mpya, nikalipia kadi ambayo kosa lake halikuwa langu. Usikubali kurekebishiwa kwa wino mweupe wa kufutia. Kadi iliyofutwa ni mbaya kuliko kadi yenye kosa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi kuliko nilivyotarajia. Kwa upande wa Tanzania, shughuli hii inasimamiwa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, na maombi ya kibali cha kumtoa mnyama nje hupitia mfumo wa wizara unaoitwa MIMIS. Utafungua akaunti, utapakia kibali cha Kenya na kadi ya chanjo, kisha utapewa namba ya malipo ya serikali, ambayo unalipia benki au kwa simu. Lipa kupitia namba hiyo peke yake. Mtu akikuambia kwamba ukimpa taslimu itakuwa rahisi zaidi, huenda ni kweli kwamba itakuwa rahisi kwake, lakini wewe utafika Namanga bila risiti.

Cheti cha afya kiwe cha mwisho kabisa. Uhai wake ni mfupi na huandikwa kwenye cheti chenyewe, na daktari atataka kumwona mbwa kwa macho, si picha yake kwenye simu. Bobi alipimwa joto, akakaguliwa macho, fizi na ngozi, na akapatikana na kupe wawili nyuma ya sikio, jambo lililonitia aibu mbele ya foleni nzima. Mpe mbwa dawa ya kupe na ya minyoo siku chache kabla, na uandikiwe tarehe zake kwenye kadi.

Toa nakala tatu za kila karatasi. Mimi nilidhani mbili zinatosha, nikaishia kuitafuta mashine ya fotokopi pale mpakani, ambako ukurasa mmoja una bei ya mtu anayejua kwamba huna pa kwenda.

Kuhusu njia yenyewe sina mengi. Tuliondoka saa kumi alfajiri tarehe 3 Januari ili tupite Same na Mwanga kabla jua halijakolea, Bobi akiwa ndani ya kizimba kilichofungwa kwa mkanda wa gari, tumbo likiwa halina chakula tangu jioni lakini maji akipewa kila tuliposimama. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na gari lililofungwa vioo juani humzidi nguvu kwa dakika chache. Kwa hiyo uwe na mtu wa pili wa kubaki naye wakati wewe uko kwenye madirisha ya maafisa mpakani. Tulilala Arusha, katika nyumba ya wageni niliyoipigia simu mapema, kwa kuwa mbili za kwanza zilinikatalia mara tu niliposema neno mbwa.

Namanga ni kituo cha pamoja, hivyo anayekwenda Kenya hasimami upande wa Tanzania. Anapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, na maafisa wa nchi zote mbili wanakaa humo. Wageni wengi hupotea hapa: hugongewa muhuri wa uhamiaji, hukamilisha gari forodhani, kisha huondoka wakidhani wamemaliza. Uliza dirisha la mkaguzi wa mifugo na upite huko kabla gari halijaruhusiwa kutoka. Mkaguzi alisoma karatasi zangu moja baada ya nyingine, akatoka nje hadi kwenye gari, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye baka jeupe la kifuani akililinganisha na maelezo, na akagonga mihuri miwili. Ilichukua dakika ishirini.

Limebaki la kurudi, na hili wengi hulikumbuka wakiwa tayari Nairobi. Mbwa hana uraia. Hata kama amezaliwa Kigamboni na hajawahi kula ugali wa kwingine, akishatoka nje ya Tanzania anarudi kama mnyama mgeni, na anahitaji kibali cha kuingia Tanzania pamoja na cheti cha afya cha daktari wa serikali wa Kenya. Kibali hicho kiombe kwenye MIMIS kabla hujaondoka Dar es Salaam, siku ileile unapoomba kile cha kutoka, ukitaja Namanga na tarehe ya kurudi. Hakikisha kwamba tarehe hiyo bado iko ndani ya miezi 12 ya chanjo na ndani ya muda wa kibali chenyewe, kisha ongeza siku chache za tahadhari, kwa sababu cheti cha Kenya utakifuatilia ukiwa huko, siku za kazi peke yake, na sikukuu za Kenya si lazima zilingane na zetu. Mimi niliomba cha kurudi nikiwa kwa dada, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na namba ya malipo ilipokuja ilibidi nimpigie mume wangu Dar es Salaam alipie kutoka kwake, kwa kuwa laini yangu ya Tanzania ilikuwa imebaki kwenye droo ya gari, na gari lilikuwa kwa fundi.