Draiva ya 4.9 ikigoma kwenye 6.6: kusoma makosa ya kompaila kwenye msimbo wa kumbukumbu wa Linux

Mwaka jana nililetewa draiva ya kadi inayopokea vipimo vya maabara. Iliandikwa kwa ajili ya Linux 4.9, kerneli (kiini cha mfumo) iliyotoka Desemba 2016 na kuacha kuhudumiwa Januari 2023. Mwenye mashine alitaka iende kwenye 6.6. Ni faili moja la C tu, lakini nilipoandika `make` skrini ilijaa makosa, na karibu yote yalikuwa upande wa kumbukumbu (memory).

Hilo si ajabu. Linux inalinda mpaka kati ya kerneli na programu za mtumiaji, lakini fanksheni za ndani haziahidi kubaki zilivyo. Anayebadilisha fanksheni ya ndani hurekebisha mwenyewe wote wanaoitumia ndani ya mti wa kerneli, yaani msimbo wake rasmi. Draiva yako iliyo nje ya mti hana habari nayo. Anachokuachia ni kosa la kompaila, na mara nyingi kosa hilo ameliweka makusudi ili usipite bila kufikiri.

Hatua ya 1: Kusanya makosa yote, kisha anza na la kwanza

```
make -k -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules 2>&1 | tee jengo.txt
grep -n 'error:' jengo.txt
```

Usihesabu makosa na kukata tamaa, maana mengi ni vivuli vya mengine. Mfano mzuri ni `access_ok`, inayokagua anwani iliyotoka kwa mtumiaji. Tangu 5.0 imeondolewa agumenti ya kwanza, ile ya `VERIFY_READ` au `VERIFY_WRITE`. Ukiipa agumenti tatu, kompaila inalalamika kwamba makro imepewa tatu ilhali inachukua mbili, na hapohapo inaongeza kwamba `access_ok` haijatangazwa. Unaona makosa mawili, dawa ni moja: futa agumenti ya kwanza, kompaili tena, orodha ipungue yenyewe.

Hatua ya 2: Mtafute aliyebadilisha

Kabla ya kugusa mstari wowote, pata historia ya kerneli kamili. Kloni hiyo ya Git (nakala kamili) ni gigabaiti kadhaa. Mimi huiachia usiku. Kisha uliza jina lilipotea lini:

```
git log --oneline -S'mmap_sem' -- include/linux/mm_types.h
git describe --contains <namba ya badiliko>
```

Amri ya kwanza inakuonyesha mabadiliko yaliyoongeza au kuondoa neno hilo, ya pili inakuambia yaliingia toleo gani. Soma maelezo ya badiliko lenyewe kwa `git show`. Humo kwa kawaida utakuta sababu, na pia jinsi draiva nyingine zilivyorekebishwa. Huo ndio mfano wa kuiga. Jibu la mtu asiyejulikana, lililoandikwa kwa toleo usilolijua, liache.

Hatua ya 3: Kufuli lililobadilishwa jina

```
error: 'struct mm_struct' has no member named 'mmap_sem', did you mean 'mmap_base'?
```

Hapana, hukumaanisha `mmap_base`. Hiyo ni anwani, namba tupu, wala si kufuli. Kompaila inalinganisha herufi tu, haijui kazi ya kitu. Kwa kuona kosa ni hodari. Kwa ushauri, mwache.

Ukweli ni kwamba kwenye 5.8 `mmap_sem`, kufuli la kumbukumbu ya mchakato mzima, ilipewa jina `mmap_lock` na kufungiwa ndani ya fanksheni zake:

```
down_read(&mm->mmap_sem);   →  mmap_read_lock(mm);
up_read(&mm->mmap_sem);     →  mmap_read_unlock(mm);
down_write(&mm->mmap_sem);  →  mmap_write_lock(mm);
up_write(&mm->mmap_sem);    →  mmap_write_unlock(mm);
```

Wengine huandika `down_read(&mm->mmap_lock)` na inakubali. Usifanye hivyo. Fanksheni ziliwekwa ili aina ya kufuli iweze kubadilika siku nyingine bila kukuvunjia tena.

Hatua ya 4: `vm_flags` iliyokataa kuandikwa

Hapa ndipo nimeona viraka vibaya kuliko pengine popote. Draiva ilikuwa na mstari huu ndani ya fanksheni yake ya mmap, inayoipa programu njia ya kufikia kumbukumbu ya kadi (`vma` ni eneo moja la kumbukumbu, `vm_flags` ni flagi zake):

```
vma->vm_flags |= VM_IO | VM_PFNMAP | VM_DONTEXPAND | VM_DONTDUMP;
```

Kwenye 6.3 na kuendelea unapata `assignment of read-only member 'vm_flags'`. Mkono unawasha kuandika hivi:

```
*(unsigned long *)&vma->vm_flags |= VM_IO;   /* USIANDIKE HIVI */
```

Inakompaili, na siku ya kwanza inafanya kazi. Sasa angalia kilichofuata. Toleo la 6.4 lilileta kufuli la kila eneo la kumbukumbu. Kwenye x86 ya biti 64 na arm64, uzi mmoja ukigusa ukurasa usiokuwapo, kerneli inaweza kumaliza kazi kwa kushika kufuli la eneo lile tu, bila `mmap_lock` ya mchakato mzima. Kwa hiyo yeyote anayebadili flagi lazima kwanza alifunge eneo, la sivyo uzi mwingine utasoma flagi zikiwa katikati ya kubadilika. Uwanja ulifanywa wa kusoma tu ili kila anayeandika apite mlango mmoja, na mlango huo ndio unaofunga:

```
vm_flags_set(vma, VM_PFNMAP | VM_DONTEXPAND | VM_DONTDUMP);
```

Kuondoa flagi ni `vm_flags_clear`. Ndani ya fanksheni ya mmap ya draiva, aliyekuita tayari ameshika `mmap_lock` kwa kuandika, kwa hiyo hapo uko salama. Kwingineko, hakikisha.

Kuna jambo watu hulisahau. Kama fanksheni yako inaita `remap_pfn_range`, yenyewe huweka `VM_IO`, `VM_PFNMAP`, `VM_DONTEXPAND` na `VM_DONTDUMP`. Kadi hii ilikuwa na sehemu mbili: rejista, zilizopita kwa `remap_pfn_range`, na bafa kubwa, iliyopita kwa fanksheni ya kujaza ukurasa unaokosekana. Kwa rejista nilifuta mstari mzima, kosa likaisha. Kwa bafa niliandika `vm_flags_set` kama ilivyo hapo juu, kwa sababu bila `VM_PFNMAP` hatua inayofuata inaangusha kerneli.

Hatua ya 5: Fanksheni ya kujaza ukurasa

Kosa lake ni refu na linatisha: `initialization of 'vm_fault_t (*)(struct vm_fault *)' ... from incompatible pointer type`. Lisome taratibu. Upande mmoja kuna aina inayotakiwa, upande wa pili kuna ulichoandika. Agumenti ya vma iliondolewa kwenye 4.11, na aina ya `vm_fault_t` ikaja 4.17. Tena `vmf->virtual_address` siku hizi ni `vmf->address`, na `vm_insert_pfn` imeondolewa, mahali pake pana `vmf_insert_pfn`.

```
static vm_fault_t kadi_fault(struct vm_fault *vmf)
{
        struct kadi *k = vmf->vma->vm_private_data;

        if (vmf->pgoff >= k->idadi_kurasa)
                return VM_FAULT_SIGBUS;
        return vmf_insert_pfn(vmf->vma, vmf->address,
                              k->pfn + vmf->pgoff);
}
```

Ukibadilisha jina kwa `sed` tu, umejichimbia shimo. Ya zamani ilirudisha 0 ikifaulu na namba hasi ikishindwa. Mpya inarudisha `VM_FAULT_NOPAGE` ikifaulu, na hiyo si sifuri. Kwa hiyo msimbo wa zamani unaosema `if (ret) return VM_FAULT_SIGBUS;` utaiua programu ya mtumiaji kila mara kazi inapofaulu. GCC haitasema neno. Sparse, programu ya kukagua msimbo wa C, itasema, ukiiweka na kukompaili kwa `make C=2`: utaona onyo la `incorrect type`, kwa sababu `vm_fault_t` imewekewa alama asiyoijua GCC. Kwa msimbo wa kumbukumbu sikabidhi kazi bila kuipitisha huko.

Hatua ya 6: `get_user_pages` na agumenti iliyozidi

Agumenti ya mwisho, `vmas`, iliondolewa 6.5. Kama ulikuwa unapitisha `NULL`, ifute, umemaliza kukompaili. Lakini jiulize kurasa hizo unazifanyia nini. Kadi yangu ilikuwa ikiandika moja kwa moja ndani ya kumbukumbu ya mtumiaji bila kupitia prosesa. Kwa kazi hiyo, tangu 5.6 kuna fanksheni yake:

```
n = pin_user_pages(anwani, idadi, FOLL_WRITE | FOLL_LONGTERM, kurasa);
...
unpin_user_pages_dirty_lock(kurasa, n, true);
```

Ukichukua njia hii, `put_page` zote za kurasa hizo ziondoke. Iliyoshikwa kwa pin huachiwa kwa unpin.

Hatua ya 7: Mnyororo uliokatwa

`mm->mmap` na `vma->vm_next` havipo tangu 6.1, maeneo ya kumbukumbu yalipohamishiwa kwenye muundo wa data wa mti. Badala yake:

```
VMA_ITERATOR(vmi, mm, 0);

for_each_vma(vmi, vma)
        kagua(vma);
```

Shika `mmap_read_lock` kwanza.

Hatua ya 8: Ukitaka matoleo mawili kwa pamoja

Tumia `#if LINUX_VERSION_CODE >= KERNEL_VERSION(6,3,0)`, uyaweke yote kwenye heda moja badala ya kuyatawanya. Angalia sana kerneli za kampuni: RHEL 9 (Red Hat Enterprise Linux) inajiita 5.14 lakini imerudishiwa mabadiliko mengi ya baadaye, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Huko fungua heda uone kwa macho.

Hatua ya 9: Tafuta yaliyobadilika bila kosa

Draiva ilikompaili bila onyo hata moja. Niliipakia, na kuomba bafa la megabaiti 4 kukarudisha `-EINVAL`, yaani agumenti batili. Nilipoteza alasiri nzima nikiishuku kadi, kumbe ni mstari huu:

```
if (order >= MAX_ORDER)
        return -EINVAL;
```

Kwenye x86, katika kerneli za zamani, `MAX_ORDER` ilikuwa 11, na ilimaanisha kiwango cha kwanza kisichoruhusiwa. Kikubwa kabisa kilikuwa 10, yaani kurasa 1024 (2 kwa kipeo cha 10) za kilobaiti 4, megabaiti 4 kamili. Toleo la 6.4 likabadilisha maana: sasa ni 10, na ndicho kiwango kikubwa kinachoruhusiwa. Jina ni lilelile, kompaila haina la kulalamikia, na draiva yangu ikawa inalikataa bafa ililoundwa kulihudumia. Kwenye 6.8 waliliita upya `MAX_PAGE_ORDER`, kwa hiyo huko msimbo wa zamani unagoma mapema na unajua. Kwa 6.6 ni wewe na macho yako:

```
grep -n 'MAX_ORDER' *.c *.h
```

Kila penye `>=` weka `>`, na kila kitanzi cha `< MAX_ORDER` kifanye `<=`. Safu iliyotangazwa kwa ukubwa wa `MAX_ORDER` iongezee nafasi moja.